Utume Mmoja, Kuanzia Mizani ya Viazi Hadi Bahasha ya Sadaka

Gunia la viazi mviringo likijaa hadi mdomoni, kazi ya kulijaza bado mbichi. Kijana wa kufungasha hulitikisa ili viazi vishuke, hupanga vile vikubwa kimoja kimoja kuzunguka ukingo, halafu husuka kamba juu yake huku akiendelea kuongeza, mpaka gunia liote kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inayoshuka kutoka milima ya Uporoto kuja Uyole, Mbeya, na kutoka hapo kwenda Dar es Salaam, mara nyingi hupita kiwango hicho kwa mbali, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja.

Ukilifuata gunia hilo toka shambani hadi sokoni, utakutana na Wakristo kila kituo. Mkulima ni mzee wa kanisa wa Moravian. Dalali anaimba besi kwenye kwaya ya KKKT. Dereva wa Fuso kabandika mstari wa Zaburi kwenye kioo. Mwenye stoo ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Jumapili wote wanne wamesali "Ufalme wako uje", na kila mmoja kwa dhati. Jumatatu ufalme huo hauna habari na kamba ya kilemba.

Sidhani huu ni unafiki. Mnafiki anajua anachokificha. Hawa wamekulia kwenye mpango ambao mambo ya Mungu yana siku zake, na riziki ina siku zake, na hakuna aliyewahi kuwauliza swali moja linalopita katikati ya zote. Makala hii inahusu swali hilo na namna ya kulipanga liingie kwenye wiki ya mtu wa huku kwetu, mwenye shamba, watoto wa shule, kwaya na madeni: Mungu amekutuma kufanya nini hapo ulipo, na kazi yako, pesa yako, nyumba yako na kanisa lako vinakwenda upande huo?

Walioleta Injili nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania hawakuwa wameigawa hivyo. Theodor Meyer na wenzake wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na jadi ya Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilichoanzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kwenye ardhi ya kabaila mmoja Mkristo, Zinzendorf. Wamisionari wa kwanza wa kijiji hicho, waliotumwa kisiwa cha St. Thomas kule Karibi mwaka 1732, walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Walitegemewa wale jasho lao huku wakihubiri. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliofika Peramiho mwaka 1898 nao wana kanuni ya sala na kazi. Ndiyo maana pale kando ya abasia utakuta hospitali, karakana na mitambo ya uchapaji. Walikuwa na makosa yao, na mengine yalisafiri chini ya bendera ya Mjerumani. Lakini kwa jambo hili walikuwa sahihi, kama alivyokuwa sahihi Paulo aliyeshona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3) bila kuona kwamba sindano inamchelewesha kwenye utume.

Baadaye sharika zikakua, zikapata idara: wanawake, vijana, elimu ya Kikristo, uinjilisti. Idara zina faida zake. Hasara yake ni kwamba uinjilisti ukishapata mwenyekiti, katibu na mhazini, muuza mbao wa Mafinga anaona wenyewe wapo.

Turudi kwenye gunia, maana hapo ndipo utume unapopimwa kwa kilo. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Mkulima akisoma hivyo anaitikia Amina kwa nguvu, kwa kuwa anayeonewa ni yeye. Je, afanye nini? Akigoma lumbesa peke yake, atalala na viazi vyake. Viazi havisubiri: vikikaa kwenye mwanga vinaota ukijani na kuwa na sumu, vikikaa joto vinachipua. Mnunuzi anajua hilo, anawasha gari na kwenda shamba la pili. Ndiyo maana dhamiri ya mtu mmoja, hata iwe safi namna gani, haivunji lumbesa. Kinachoweza kuivunja ni watu kumi au kumi na tano wa kitongoji kimoja waliokubaliana kabla ya kung'oa.

Kabla ya kung'oa, nasisitiza. Makubaliano ya siku ya kuuza hayadumu hata saa moja, kwa sababu mnunuzi atampandishia bei yule wa kwanza kusaliti, na siku hiyo kila mtu ana shida ya fedha. Wakae wiki mbili tatu mapema. Wasiwe wa kanisa moja tu. Jirani Mwislamu anaumizwa na kilemba kile kile. Watafute mizani ya jukwaa ambayo Wakala wa Vipimo ameihakiki, na waangalie stika ya uhakiki kama ni ya mwaka huo. Wachague mahali pamoja pa kukusanyia, pawe na kivuli na njia ya gari, na wamjulishe mtendaji wa kijiji. Gunia tupu lipimwe kwanza. Mtu mmoja ashike daftari, mwingine asome mizani kwa sauti, na bei itajwe kwa kilo. Mshika daftari asiwe ndugu wa dalali. Hili linaonekana dogo, lakini vikundi vingi hufia hapo.

Halafu kuna upande ambao wakulima hatupendi kuusikia. Haki ya vipimo inakata kotekote. Gunia lenye viazi vizuri juu na chini, katikati vile vidogo, vilivyooza na udongo wa kuongeza uzito, ni mizani ya hadaa pia, na aliyeijaza ndiye aliyeimba pambio jana. Kikundi kinachodai kilo kiwe tayari kumwaga gunia lolote mnunuzi akitaka kuona. Na kijana anayebebeshwa mzigo wa kilo 130 mgongoni naye ni wa utume huu: mzigo wake upungue, na ujira wake alipwe kabla jua halijatua, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza, asiambiwe "njoo Ijumaa".

Kila kazi ina lumbesa yake. Mchele wa Kyela uliochanganywa na wa mahali pengine ukauzwa kwa jina la Kyela. Mbao ya mbili kwa nne ambayo ukiipima kwa futi haifiki. Parachichi la Hass linalochumwa changa kwa sababu dalali alishatoa kishika uchumba mwezi uliopita. Tunda kama hilo haliivi, linasinyaa na kuwa kama mpira, na anayeumia ni mlaji wa mbali ambaye hatajua aelekeze wapi hasira yake. Karani anayeficha faili mpaka "lisukumwe". Muuguzi anayemfokea mama wa kijijini aliyekuja na kadi iliyochanika. Kila mmoja anafahamu ya kwake bila kutajiwa, na huko ndiko utume unakoanzia, mapema kuliko kwenye mkutano wa hadhara.

Sasa mpango wenyewe. Chukua kaunta buku, ilaze, gawa kurasa mbili zinazotazamana kwa safu 12 za miezi. Mistari iwe minne: shamba au kazi, shule, kanisa, familia. Mjaze mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wawepo. Kwa sehemu kubwa ya nyanda zetu mahindi hupandwa kuanzia mwisho wa Novemba, palizi ni Januari na Februari, kuvuna ni Juni hadi Agosti. Watu wa Rungwe mvua yao haina adabu na migomba na chai havijui likizo, kwa hiyo mstari wao wa shamba utajaa mwaka mzima. Shule inafunguliwa Januari. Kwaresima inaangukia kwenye palizi. Sikukuu ya Mavuno inakuja watu wakiwa na gunia ndani.

Ukimaliza kujaza, utaona Januari inavyoelemewa: mbolea ya kukuzia, sare, madaftari, michango ya shule, na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Utaona pia kwamba Julai na Agosti zina harusi, kipaimara, sare za kwaya, ahadi za ujenzi na mnada wa Mavuno. Fedha inaingia Julai, shida inaingia Januari, na kati ya hapo hakuna aliyelinda daraja. Ndipo mtu mwaminifu anajikuta kwenye mkopo wa kausha damu wenye rejesho la kila wiki, anaanza kumkwepa mwenzake wa jumuiya anayemdai, na mwisho anakwepa ibada yenyewe. Utume wa watu wengi huku hauuliwi na Shetani aliyevaa pembe. Unauliwa na Januari.

Kwa hiyo mgawanyo ufanyike mavuno yakiwa bado uwanjani. Limbuko litoke kwanza, kwa heshima na kwa kiasi mlichokubaliana wawili. Ahadi iliyotamkwa na mume kanisani huku mke akiisikia kwa mara ya kwanza kwenye spika ni chanzo cha ugomvi. Kisha tengeni chakula. Kwa makadirio ya kawaida mtu mzima anakula karibu gunia moja la mahindi la kilo 100 kwa mwaka. Nyumba ya watu sita, wawili wakiwa wadogo, itenge magunia matano hivi kabla ya kufikiria kuuza. Kisha mbegu na mbolea: uza sehemu hiyo mara moja, fedha iwekwe mahali pasipochotwa kirahisi, au mbolea yenyewe inunuliwe ikae ndani. Kisha shule. Michango ya sherehe ije baada ya hapo, na mtu asione aibu kutoa kidogo.

Halafu ongezeni gunia moja ambalo halina mlaji: gunia la jirani. Kwa nyumba iliyovuna magunia 20, moja linatosha, mawili ni heri. Halichukui nafasi ya fungu la kumi na halipelekwi kwenye mnada. Linakaa hadi Februari, wakati bei imepanda na nyumba za wajane, wagonjwa na vibarua zinaanza kupika mara moja kwa siku. Andikeni Julai majina ya nyumba mnazozifikiria, maana Februari mtashawishika kuliuza.

Gunia hilo lifike Februari likiwa zima, na hapa watu wema wengi hushindwa kwa sababu ya unyevu. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni mahindi kiasi cha robo na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, iacheni itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi; rudisheni juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Ikibaki kavu, yafaa kuhifadhi. Mfuko wa tabaka tatu, ule wa PICS, unaua dumuzi kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, ila kila tabaka lifungwe peke yake kwa nguvu na mfuko usitoboke hata tundu la panya. Uwekwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Na ukishafungua, tumieni lote au gaweni lote. Kufunguafungua kunarudisha hewa na wadudu.

Nyumbani kwenyewe pana jambo ambalo kanisa la nyanda za juu linapaswa kuliona aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57, Njombe asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha wengine. Chakula kipo, kinachokosekana ni mpangilio. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji mweupe wa sembe, na jioni baba yuko kwenye kikao cha ujenzi wa kanisa.

Mtoto wa miezi tisa anahubiriwa kwa bakuli. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Kuanzia hapo chakula kizito, mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, maziwa ya mama yakiendelea. Uzito wake unapimwa kwa kijiko: ukikiinamisha na uji ukakimbia kama maji, ni mwepesi mno, unajaza tumbo dogo bila kulishibisha mwili. Ponda ndani yake maharage yaliyoiva vizuri, yai, dagaa waliosagwa au parachichi, ambalo kwa Rungwe na Njombe linaoza chini ya mti huku mtoto akinywa sembe. Jumuiya ya watu wanane inaweza kuweka zamu ya mtu mzima mmoja kubaki na watoto wa nyumba tatu siku za palizi. Sijui huduma ya shemasi yenye matunda zaidi ya hiyo, na haihitaji spika.

Kuhusu mikutano ya Injili, neno moja. Utafiti wa VVU wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Katika kila ibada yenye watu mia moja huku kwetu, wapo wanaomeza dawa za kufubaza virusi kimya kimya. Mhubiri anayemwambia mtu amepona aache dawa anamrudishia virusi nguvu, na hatakuwepo kijijini miezi sita baadaye. Mwombee mgonjwa, mwekee mikono, kisha muulize tarehe yake ya kliniki ni lini na nani atamsindikiza. Hayo mawili ni utume ule ule.

Yote haya yanahitaji kitu cha kuyashikilia pamoja, na njia rahisi ni kuandika utume wa nyumba kwa sentensi moja. Watu huandika "Kumtumikia Mungu kwa moyo wote". Sentensi hiyo ni kweli na haisaidii kitu, kwa sababu hakuna mwaliko hata mmoja unaoweza kuukataa ukiwa umeishika. Sentensi nzuri ina mahali, ina watu, ina muda, na inaleta hasara mahali fulani. Mfano: "Kwa miaka mitatu, nyumba hii itauza kwa haki, haitakopa kwa ajili ya sherehe, na itawasaidia watoto wa kitongoji chetu kusoma hapa jioni." Hapo mtu anajua Jumanne jioni hawezi kuwa kwenye kikao, na anajua mchango wa harusi wa kukopa haumo.

Kabla ya kuiandika, andikeni kwa wiki mbili mnachofanya hasa: saa zilikwenda wapi, fedha ilikwenda wapi, watu gani waliingia kwenye nyumba yenu. Msijisahihishe wala msijihukumu katikati, andikeni tu. Baada ya hapo kaeni saa mbili, simu zikiwa chumba kingine, msome. Nyumba nyingi hukuta utume wao halisi upo tayari kwenye daftari, ila hakuna aliyeuchagua. Kosa la kawaida hapa ni mmoja kuandika na mwenzake kutia sahihi. Kosa la pili ni kuiga sentensi ya mchungaji. Kosa la tatu, la watu wenye bidii, ni kuweka mambo saba. Yakizidi matatu, punguzeni.

Sentensi ikishakuwepo inahitaji kulishwa kila siku, kwa muda mfupi. Wamoravian wana faida ya jadi: kijitabu cha maneno ya kila siku kilichapwa kwa mara ya kwanza Herrnhut mwaka 1731, andiko la Agano la Kale likichaguliwa kwa kura, na hadi leo husomwa pamoja na andiko la Agano Jipya linalolingana nalo. Wakatoliki wana masomo ya siku, Walutheri wana yao. Someni asubuhi kabla ya jembe au bajaji, dakika tano. Jioni, wakati wa kula, kila mtu ajibu swali moja: leo neno hili lilikutana wapi na kazi yangu? Watoto wataanza kwa kubahatisha na kucheka. Waacheni. Siku ambayo hakuna mwenye jibu, salini Baba Yetu mkalale. Msiigeuze kuwa mtihani.

Viongozi wa usharika wana sehemu yao, na sehemu kubwa ya hiyo ni kupunguza. Hesabu ratiba ya mwimbaji wa kawaida: mazoezi jioni mbili, maombi Jumatano, jumuiya Jumamosi, ibada Jumapili na kikao baada ya ibada. Mtu huyo hana jioni ya kumjua jirani yake. Mwezi mmoja kwa mwaka, hasa Januari ya palizi, vikao visivyo vya lazima vifungwe. Badala ya matangazo ya dakika arobaini, tano zitolewe kumwombea mtu mmoja kwa kazi yake: wiki hii mwalimu, wiki ijayo mama lishe, nyingine fundi pikipiki. Aulizwe mambo mawili tu, ni wapi kazi inamjaribu na ni wapi anamwona Mungu. Mwongozaji awe mkali, la sivyo mwezi wa pili inageuka tangazo la biashara, na mwaka wa uchaguzi inageuka kampeni. Mnada wa Mavuno nao utazamwe upya. Jogoo akipandishwa bei na matajiri wawili wanaoshindana, fedha ya ujenzi inapatikana, lakini mjane aliyeleta sado moja ya maharage ameondoka akijua nafasi yake. Sadaka yake nayo itajwe kwa jina lake, kwa sauti ile ile inayotaja za matajiri.

Kinachobaki ni kigumu kuliko vyote: kuacha huduma ambayo sentensi yenu imeonyesha si ya kwenu kwa sasa. Watu wengi huacha kwa kupotea, wanaanza kukosa mazoezi, simu haipokelewi, baadaye wanahama usharika. Nendeni mapema, kabla msimu haujaanza, na, kama ni kwaya, mkamkute mwalimu wa kwaya nyumbani kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti."

"Asante. Mwalimu, mimi na mwenzangu tumekaa, tumeona mwaka huu Jumanne na Alhamisi jioni nibaki na watoto wanaokuja kusoma pale kwetu. Nitaimba hadi Mavuno, na sauti yangu nimeshaanza kumwelekeza yule binti mgeni."

"Sasa ndiyo unamwacha Bwana?"

"Hapana, mwalimu, simwachi. Nimebadilishiwa zamu."

Atanung'unika, na ana haki, kwani anapoteza mtu. Msibishane naye wala msimweleze kwa kirefu mambo ya sentensi na kaunta buku. Rudisheni sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, kabidhini daftari la michango likiwa limefungwa hesabu mbele ya mhazini, lipeni kilichobaki cha safari ya mwaka jana, na Jumapili inayofuata kaeni kwenye benchi la kawaida muitikie kiitikio kama washarika wengine.